Huruma Isiyo na Bei: Somo Kuhusu Jirani Asiyeamini

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kikundi: 2 Wafalme 5:1-15; Matendo 28:1-10; Luka 13:6-9.



Mwezi uliopita viongozi wa vikundi vya nyumba kwa nyumba walituomba tuandike somo juu ya kuwafikia wasioamini. Walisema washirika wamechoka. Wengine wanasema waziwazi, "Tumemwalika jirani mara tatu, mara nne, haji. Sasa tumwache." Uchovu huo tunaujua, maana hata sisi tunaoandika ulitupata, na kwa kuchoka kwetu tulimwumiza mtu. Basi tutaanza hapo, na mtusamehe kama somo linaanza na aibu yetu wenyewe.

Sabuni iliyorudishwa

Kama mnavyojua, wengi wetu katika kamati hii tumetoka Kizuka, pwani ya Rumonge. Katika mtaa wetu yupo mzee mmoja ambaye naye ni wa kwetu. Alikuwa mvuvi wa ndagala, na hata leo, mbali na ziwa namna hii, akitazama jioni anga lilivyo atakuambia kama usiku huo mitumbwi ingetoka au isingetoka. Alibatizwa katika ujana wake. Lakini leo ngoma ya kanisa ikilia Jumapili, yeye huchukua panga lake na kwenda kutafuta kuni. Ukimwuliza, anajibu kwamba Mungu alibaki kule siku watu wa kanisa moja walipoonyesha wauaji nyumba za wenzao. Hatutaandika mwaka wala upande. Kila mmoja wetu anayo siku yake.

Tulimtembelea siku ya Jumamosi, watu watano, na kipande cha sabuni na sukari kidogo. Tuliimba, tukaomba, na wakati wa kuondoka tukasema, "Mzee, kesho tukutarajie?" Akanyamaza. Mara ya pili tukafanya vilevile. Mara ya tatu alitutolea ile sabuni, imefungwa katika karatasi ileile tuliyomletea, akasema, "Wanangu, ichukueni. Kila nikinawa, inaniuliza kama nitakuja Jumapili."

Tuliondoka tumekasirika. Mmoja wetu alisema njiani kwamba mzee huyu ana moyo mgumu kama wa Farao, na hakuna aliyempinga. Jina lake tukaliondoa katika daftari la uinjilisti. Mwaka mzima hatukubisha hodi kwake. Baadaye ndipo tukasikia kwamba wakati wa mvua kubwa turubai lake lilipasuka, akakesha siku tatu ameketi karibu na jiko. Aliyepanda juu kulishona ni kijana mmoja wa mtaa wa pili asiyeingia kanisa lolote. Nyumba zetu zilikuwa karibu zaidi.

Wapendwa, hebu tujiulize. Je, tulichompelekea mzee kilikuwa huruma, au kilikuwa malipo ya mbele? Mtu akilipa mbele, anangoja mzigo wake. Mzigo usipofika, anakasirika. Sisi tulikasirika. Hiyo hasira ndiyo iliyotuonyesha baadaye kwamba tulikuwa tumeweka bei.

Mambo yaliyotokea Rumonge kabla ya babu zetu

Tunataka mjue jambo moja la historia, kwa kuwa lilitokea katika pwani yetu wenyewe na wengi hatulijui. Wamisionari wa kwanza kukaa katika nchi ya Burundi walikaa Rumonge. Walikuwa mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale waitwao White Fathers, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, na mwezi wa Julai mwaka huohuo wakavuka kuja Rumonge. (Sisi si Wakatoliki, na kuna mambo hatukubaliani nao. Lakini damu iliyomwagika pwani kwetu hatuwezi kuipita kama hatukuiona.)

Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado inakula watu kuzunguka ziwa lote. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watoto kwa mali, wakawalea na kuwafundisha katika misheni. Kazi ile ilikuwa ya huruma kweli. Tena ilikuwa na mtego ndani yake, maana mtoto aliyenunuliwa ili awe huru bado machoni pa majirani ni mtoto aliyenunuliwa. Ni wa nani? Nani ana haki ya kumdai? Ugomvi juu ya mtoto mmoja wa misheni ulizuka kati yao na watu wa Bikari, wenyeji wa jirani. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu waliuawa: Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop. Misheni ikafungwa. Waliobaki wakavuka ziwa kwenda upande wa Kongo. Sisi tuliovuka maji usiku tunaijua safari hiyo bila kusimuliwa.

Hapo mtu angesema: miaka miwili, makaburi matatu, waongofu hakuna, wawaache watu hawa. Hawakuwaacha. Walijaribu tena mara kadhaa na kushindwa tena. Misheni ya kudumu katika Burundi ilisimama Muyaga mwaka 1898, na Mugera mwaka 1899. Toka mauaji ya Rumonge hadi Muyaga ni miaka 17. Waprotestanti nao walikuja baadaye. Wapentekoste wa Sweden walianza Kiremba, katika milima ya Bururi juu ya pwani yetu, mwaka 1935. Wazee wetu waliokimbia mwaka 1972 kwenda Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikwenda na imani iliyotoka katika mbegu hizo. Kwa hiyo nasi tuliopo leo ni watu ambao mtu fulani hakukata tamaa juu yao. Yule aliyechoka baada ya ziara tatu na akumbuke hilo.

Msichana asiye na jina

Sasa tufungue 2 Wafalme 5. Wengi tukisoma sura hii tunamtazama Naamani, ukoma wake, na mto Yordani. Sisi tunaomba leo mtazame mstari wa pili na wa tatu. Yupo msichana mdogo. Vikosi vya Shamu vilimteka katika nchi ya Israeli, na sasa anamtumikia mke wa Naamani. Naamani ni nani? Ni mkuu wa jeshi lile lile lililomchukua. Huyu msichana amepoteza nyumba, wazazi na lugha. Angeuona ukoma wa bwana wake angeweza kusema moyoni, "Mungu anamlipa." Sisi tungesema hivyo. Tumeshasema hivyo, juu ya watu tunaowajua kwa majina.

Lakini yeye alisema laiti bwana wake angekuwa karibu na nabii aliye Samaria, angeponywa. Hakuongeza neno. Hakusema, "Nikikuonyesha nabii, mtanirudisha kwetu." Hakuuza habari ile, ingawa alikuwa na shida kuliko yeyote nyumbani mle, na habari ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko fedha na dhahabu alizobeba Naamani njiani.

Hapa tuseme wazi jambo linalotuchoma sisi wa Rumonge. Wengi wetu tukisikia "umhurumie asiyemjua Mungu", anayetujia mbele ya macho ni yule anayekamua mawese ya michikichi aliyopanda baba. Baada ya 1972 mashamba mengi ya wakimbizi yaligawiwa wengine. Watu waliporudi miaka ya 2000 walikuta nyumba za wengine katika viwanja vyao. Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, na kesi zilikuwa nyingi kupita kiasi. Katika baadhi ya familia zetu watu wa kizazi cha pili wamekimbia tena bila kumaliza kesi ya kizazi cha kwanza.

Somo hili halikuambii uache kudai shamba. Kudai haki kwa njia ya haki si dhambi, na mtu anayemwambia mjane asamehe ili yeye asisumbuliwe na kesi, huyo hafundishi huruma. Tunachosema ni kwamba msichana yule alikuwa na deni la kweli juu ya Naamani, na bado hakulitumia kumzuilia uponyaji. Haki yake ilibaki kwa Mungu. Uponyaji wa Naamani haukungoja mpaka kesi iishe.

Tena angalieni: baada ya mstari wa nne Biblia haimtaji tena. Naamani anapona, anarudi kwake, anamkiri Mungu wa Israeli. Je, msichana alirudishwa kwao? Alishukuriwa? Hatuambiwi.

Moto wa Melita

Katika Matendo 28 mambo yamegeuka. Hapo watu wa Mungu ndio wahitaji. Paulo na wenzake wamevunjikiwa na merikebu, wamelowa, mvua inanyesha, na watu wa kisiwa cha Melita, ambao hawajawahi kuhubiriwa, wanawasha moto na kuwakaribisha wote. Watu wasioamini walitangulia kumhurumia mtume.

Waliopita Kagunga mwezi wa Mei 2015 wanaelewa sura hii kuliko wahubiri wengi. Kijiji kidogo cha wavuvi upande wa Tanzania, mlima nyuma na ziwa mbele, wakati ule hakikuwa na barabara ya gari, na ghafla makumi ya maelfu ya watu ufukweni. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawabeba watu mia sita hivi kwa safari mpaka Kigoma. Katika siku zile za kungoja, mama mmoja mwenyeji, ambaye si wa dini yetu, alikuwa akiwapa watoto wetu uji asubuhi. Hakutuuliza tunasali wapi. Hakutuambia turudi jioni tusikilize neno. Alisema tu, "Mpe mtoto kwanza." Leo tukijadili "wasioamini" kana kwamba ni watu wa kuokolewa na sisi tu, tumesahau ule uji.

Paulo hakusahau. Alimwombea baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu, akapona, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja wakaponywa. Alikaa kule miezi mitatu. Lakini tafuteni katika habari yote ya Melita: Luka haandiki ni wangapi waliamini. Haandiki hata mmoja. Luka aliyependa kutuhesabia elfu tatu na elfu tano, hapa hakuandika hesabu. Kama Melita ingekuwa mtaa wa makazi yetu, tungeandika katika ripoti ya uinjilisti: "Hakuna matunda."

Kisiwa hicho ndicho Malta ya leo, na kina habari nyingine inayofika mpaka ziwa letu. Katika karne ya 19 mtoto mmoja aliibiwa karibu na Timbuktu, mbali sana magharibi mwa Afrika, akauzwa utumwani. Baadaye alikombolewa na mapadre wale wale wa Lavigerie, akapelekwa Malta kujifunza udaktari. Jina lake Adrien Atiman. Mwaka 1889 alifika Karema, pwani ya Tanganyika upande wa Tanzania, akiwa kijana. Hakuwa na ndugu hata mmoja katika nchi hiyo. Kwao hakurudi. Alioa mwenyeji, akawa mganga na katekista wa watu wa pale, akitibu Mkristo na asiye Mkristo, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu wenyewe: ni miaka 67.

Tunamtaja kwa sababu alikuwa kama sisi. Aling'olewa kwao bila kupenda, na mahali alipotupwa akapafanya kuwa mahali pa kuhudumia. Sisi tumekuwa tukisema, "Tutakaporudi kwetu tutamtumikia Mungu vizuri." Jirani wa hapa hawezi kungoja mpaka turudi kwetu. Turubai lake linavuja leo.

Mwaka mmoja zaidi

Katika Luka 13 mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tunda katika mtini, hapati. Anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Watu wengi huishia hapo na kusema, "Tuvumilie." Lakini mtunza shamba hakuomba mwaka wa kukaa na kutazama. Alisema ataupalilia na kuutilia samadi. Waliopanda michikichi wanajua: unapanda, unapalilia miaka, huoni kitu, na mti hauna haraka kwa sababu wewe una njaa. Samadi hairukii juani yenyewe, lazima mtu ajipake. Na neno la mwisho, kama ukatwe au usikatwe, mtunza shamba alimwachia mwenye shamba. Sisi tulikata jina la mzee katika daftari. Nani alitupa panga?

Hapa pia Yesu hakusema kama mti ulizaa.

Basi tumepatana katika kamati mambo machache, nanyi mtupime. Hatutaunganisha tena msaada wowote na mwaliko wa ibada. Akipelekewa mgonjwa uji, uji uwe uji. Akitaka kujua kwa nini tumekuja, tutamwambia habari za Yesu bila kuona haya, kwa maana kumficha Bwana nako si huruma. Lakini swali litoke kwake. Hatutawatumia watoto, wala chakula, wala nafasi ya masomo, kuvuta wazazi. Hatutakwenda watu watano na nyimbo kwa mtu anayeogopa makundi. Ataenda mmoja au wawili, wale wale kila mara, apate kuwazoea. Na daftari la uinjilisti halitakuwa tena na safu ya "amekuja / hajaja". Baadhi ya viongozi hawakupendezwa na hilo la mwisho, wakauliza tutajuaje kama kazi inaendelea. Swali lao ni la haki na hatuna jibu zuri. Tunajua tu kwamba ile safu ilitufundisha kumtazama mtu kama deni.

Tunajua pia mtakachosema: sisi wenyewe mgao hautufikishi mwisho wa mwezi, tutatoa nini? Kweli. Msichana wa Naamani alikuwa na sentensi moja tu. Kuna huruma ya kumchotea bibi maji bombani wakati wewe uko mbele katika foleni. Kuna huruma ya kuketi na mtu anayemlaumu Mungu, usimkatize kwa mistari. Hiyo ni ngumu kuliko kutoa sukari, kwa maana mara nyingine anachosema ni kweli kuhusu sisi.

Tulirudi kwa mzee. Wawili tu, bila kitu mkononi. Tulimwomba msamaha kwa ule mwaka, na kwa sabuni pia. Alicheka kidogo, akasema sabuni haikuwa na kosa. Halafu, mara ya kwanza, akatueleza ile siku ya nyumba kuonyeshwa: nani aliongoza njia, nani walikuwa ndani. Majina mengine tuliyajua. Jina moja lilikuwa la ukoo wa mmoja wetu aliyeketi pale. Hatukuwa na la kusema. Tulikaa mpaka giza likaingia.

Tangu hapo tunaenda kila wiki. Anatufundisha kufuma nyavu, ingawa hapa hakuna ziwa la kuzitupa. Kanisani hajaja. Siku moja ya mwezi huu alituuliza kama mgeni aliyefika juzi na watoto wawili, yule wa kibanda cha mwisho, amepata turubai. Tulipomwambia bado, alikwenda kumpa lake la akiba, na sisi tulimsaidia kulifunga.

Maswali ya kujadili katika vikundi: Je, yupo mtu ambaye jina lake umelikata moyoni? Nani asiyeamini aliyekuhurumia wewe katika safari yako, na je, umewahi kumwombea kwa jina? Kikundi cha mtaa wa kisima wanaombwa walete pia maoni yao kuhusu daftari, maana wao ndio waliopinga zaidi, na tutayajadili Jumatano baada ya maombi.

Kamati ya Mafundisho